Plazma ya Mgeni

Mfawidhi alikuwa akitembea na damu ya watu mkononi. Sisemi kwa mafumbo. Akiletwa majeruhi anayevuja sana, alichota damu yake kidogo kwenye kichupa cha kioo, akakifumbata kiganjani kipate joto la mwili, kisha akaendelea na kazi. Anazunguka wodi, anauliza nani kaacha dirisha wazi, anamfokea mtu kwa shuka chafu, na kichupa kimo mkononi. Kila baada ya muda anakiinamisha taratibu. Damu ikiwa imeganda inabaki pale chini kama uji uliopoa, naye anashusha pumzi. Ikitiririka kama chai, hata sisi wauguzi wa zamani tulikuwa tunakimbia.

Mfawidhi ni cheo chake, Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali yetu ile ya barabarani, ukishapita Kinjumbi kuelekea Kilwa Kivinje. Jina lake sitalitaja. Alikozaliwa na ukoo wake navyo sitavigusa. Vilisomwa siku ya kumuaga alipostaafu, na waliovisoma walikuwa na maneno matamu kuliko yangu. Mimi nilifanya kazi chini yake miaka mingi, nikampenda kama mtu anavyompenda baba mkali, na ninaandika haya kwa sababu moja. Wifi yangu, mjane wa kaka yangu, mpaka leo anaambiwa kwamba alimchelewesha mumewe kufika hospitali ndiyo maana akafa. Hakumchelewesha. Mfawidhi anajua hivyo, na aliyeeneza kwamba alimchelewesha ni yeye Mfawidhi.

Haya, nimeshasema. Sasa nimweleze mtu mwenyewe alivyokuwa, maana nikimfanya shetani mtupu nitakuwa muongo, na muongo katika habari hii tunaye tayari.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa malapa ya plastiki hata wakubwa wakija. Ijumaa alikuja na kanzu, na akiitwa kwenye upasuaji aliikunja kiunoni, akafunga aproni juu yake, akaingia. Chai yake ilikuwa ya tangawizi bila sukari, na alikuwa hainywi mpaka amwone mgonjwa wa mwisho wa wodi ya mwisho. Kuku wa shukrani alikataa kabisa, alisema kuku ana nyumba yake. Korosho za kukaanga alipokea, tena alizificha kwenye droo asije akamgawia mtu. Alitutukana asubuhi na mchana akatuletea vitumbua alivyopika mkewe. Ukinuna hakubembelezi. Anakuwekea vitumbua viwili zaidi, anaondoka zake.

Neno lake lilikuwa mapema. Wenzangu walikuwa wakimwita Mzee Mapema, yeye hayupo lakini. Ukimwambia majeruhi ana nafuu kidogo tungoje tuone, alikuwa anakutazama kama umemtukania mama. Anayevuja hana foleni, alikuwa akisema. Na tena: usingoje mgonjwa akuonyeshe kwamba amekwisha ndipo uamini.

Jumatatu moja alikuja kwenye mkutano wa asubuhi na mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, na nazi tatu. Tukadhani amechanganyikiwa. Akakaa juu ya mbuzi mbele yetu, daktari mkuu na shati lake jeupe, akakuna nazi zote tatu bila kusema kitu. Akakamua tui la kwanza, lile zito, kasimile, akalitia kwenye glasi. Akaongeza maji akakamua la pili. Akaongeza tena akakamua la tatu, likatoka jeupe jeupe tu kama maji ya kuoshea mchele. Akazipanga glasi juu ya meza.

"Binadamu akivuja, anavuja hii," akasema, akagusa kasimile. "Ninyi mnamtundikia dripu za maji ya chumvi, moja baada ya nyingine. Mnamrudishia tui la mwisho, halafu mnashangaa mchuzi hauna uzito."

Sijapata kueleweshwa jambo vizuri vile, si chuoni wala baada ya chuo. Damu ina vitu ndani yake vinavyoifanya igande na kuziba jeraha. Mtu akimwaga damu nyingi vitu vile vinamwagika pamoja nayo, na maji unayomwongezea yanavizimua vilivyobaki. Hata ukimpa damu nyekundu ya kwenye mfuko, ile imeshatengwa, kasimile yake haimo. Imo kwenye plazma, yale maji ya manjano yanayotolewa kwenye damu yakagandishwa kwenye friza. Ukitaka kuyatumia unayeyusha kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na inachukua muda. Kwa hiyo huanzi kuyeyusha wakati kichupa kimeshakuwa chai. Unaanza mtu anapoteremshwa kwenye gari, akiwa bado anaongea. Mpishi wa hospitali alichukua kasimile ile akapikia wali, na wali ule tuliuzungumza mwaka mzima.

Friza yenyewe aliipata kwa kusumbua watu. Ilikuwa ya familia moja ya Kihindi yenye duka Lindi mjini, walikuwa wanauzia aiskrimu. Alikuwa akienda Lindi kwa shughuli zake anaingia dukani, anakaa kwenye kiti cha wateja, hanunui kitu, anamweleza bibi mwenye duka habari za watu wanaovuja. Bibi wa watu akachoka, akasema ichukueni, lakini huyu asirudi tena dukani kwangu. Ikaja na picha za aiskrimu ubavuni. Watoto wa wodini wakiiona wanalia wapewe. Mfawidhi anaifungua, anawaonyesha mifuko ya plazma imekaa na manjano yake, anawaambia bahati mbaya leo zipo za ndimu tu, kali sana. Jamani, nilimpenda mtu yule.

Plazma tuliletewa chache kutoka benki ya damu ya kanda, kwa boksi la barafu, na hazikuja kila mara. Ndiyo maana alijenga kikosi chake cha watu wa kutoa damu mbichi wakati wowote, damu nzima yenye kasimile yake. Aliwapata msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na kwenye minada ya korosho, watu wakiwa wamesimama kungoja bei. Anapanda juu ya gunia na malapa yake, anahutubia. Na kila mara alimalizia kwa ahadi ile ile. Wewe unayetoa leo, alikuwa akisema, ukija kwangu unavuja, wallahi hutangoja.

Kaka yangu alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Kaka alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa kicheko kikubwa, akicheka nyumba ya tatu wanajua. Akitoa damu anakula biskuti zake na za mwenzake, anamalizia soda ya muuguzi, na muuguzi mwenyewe ndiye mimi. Alikuwa akijiita ng'ombe wa maziwa wa Mfawidhi. Mfawidhi naye akimwona anatokea getini ananyoosha mikono yote miwili, anamwita damu yangu. Zile korosho za kwenye droo zilikuwa za kaka.

Kuna tabia yake moja nimeichelewesha makusudi. Mfawidhi alikuwa akipigiwa simu na mkubwa, anasimama. Mkubwa yuko mbali huko, hamwoni, lakini yeye anasimama, anabana visigino, anafunga kifungo cha shati. Siku moja simu ilimkuta anakula, akasimama na kijiko mdomoni. Mtu huyo huyo aliyefukuza mfanyabiashara mwenye gari kubwa wodini kwa sababu kaingia na viatu vya matope! Tulimwigiza sana. Mhudumu mmoja alikuwa anajua kumwigiza mpaka tunashika mbavu, anasimama na ufagio sikioni, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya msafara. Mgeni mkubwa alikuwa apite barabara kuu kwenda Lindi, na mahospitali ya njiani yalitakiwa yawe tayari kwa lolote. Nilikuwa ofisini kwa Mfawidhi asubuhi simu ilipoita. Akasimama. Akaitikia kwa muda mrefu, akasema itakuwa tayari mkuu, haitaguswa mkuu. Alipoketi akaniagiza niyeyushe plazma zote tulizokuwa nazo. Zilikuwa nne, za kundi lile linalomfaa mtu yeyote. Nikamuuliza nani anavuja. Akasema hakuna, ni maandalizi, mgeni akipata ajali tusije tukaanza kuhangaika na beseni. "Mapema, sista," akaniambia, akatabasamu kidogo.

Nikayeyusha. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikazitia zikiwa ndani ya mifuko ya nailoni, nikazitikisa polepole mpaka zikalainika zote, nikazifuta, nikaziweka kwenye jokofu la kawaida. Plazma ikishayeyuka hairudi tena kwenye friza. Inatumika haraka, au inatupwa.

Kaka aliletwa adhuhuri haijaadhiniwa. Lori la chumvi lilikuwa limemgonga na pikipiki yake, karibu kabisa na shamba lao. Paja lilikuwa limevunjika na nyonga imefunguka. Wifi yangu alikuwa shambani, alisikia kishindo. Alivua khanga yake akafunga paja kwa juu, akaweka goti kwenye fundo, akapiga kelele mpaka pikapu ya kwanza ikasimama, na akaja naye hivyo hivyo amemkalia njia nzima. Nimepokea majeruhi wengi wa barabara ile. Sijaona aliyefungwa vizuri vile, hata na wenye mafunzo.

Na alikuwa anaongea. Aliniona, akacheka, kicheko chenyewe kimekatika. "Mdogo wangu," akasema, "leo nimekuja kuchukua zangu."

Mfawidhi akachota damu, akafumbata kichupa, akaanza kutoa amri zake kama kawaida. Baadaye akakiinamisha mbele yangu. Damu ilikuwa imeganda. Ilichukua muda kuliko inavyotakiwa, lakini iliganda, nimeiona kwa macho yangu haya. Nikakimbilia jokofu, nikarudi na mifuko miwili kifuani. Akanizuia mlangoni.

Alisema kwa sauti ya chini nirudishe. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia huyu ni kaka yangu, huyu ni mtu wako. Akasema anajua. Akasema tuanze na dripu na ile damu nyekundu, msafara hauko mbali, ukishapita tu tutampa zote. "Nimeahidi, sista," akasema. Ameahidi! Nikamtazama nikitafuta yule aliyekuwa akipanda juu ya magunia. Alikuwa amefunga kifungo cha shati mpaka shingoni.

Nimpe haki yake, alimpasua mwenyewe, na mikono yake haikuwa na kasoro. Alifunga kilichofungika. Lakini alikuwa anafunga huku, panavuja kule. Tukatundika maji ya chumvi, dripu moja baada ya nyingine, vile vile alivyotukataza. Wenzake wa kikosi wakaja mbio kutoa damu, wakapimwa, na kupima nako kuna muda wake. Mfuko wa kwanza ulipoingia una joto la mkono wa mtu, kichupa kiganjani mwa Mfawidhi kilikuwa chai. Alikiinamisha mara mbili, akakiweka kwenye trei. Kaka akafa msafara haujapita.

Ulipita alasiri. Tulisikia ving'ora, watu barabarani wanashangilia. Mgeni alikuwa mzima wa afya, alhamdulillahi, hakusimama, na hakuna ajabu, hakuwa na ugonjwa. Kesho yake nikazibeba zile plazma nne mwenyewe hadi kwenye tanuri la taka. Sikutaka mtu mwingine azibebe.

Haya yote, naapa, ningeweza kuyameza. Watu wanaogopa wakubwa, nami nina wakubwa zangu ninaowaogopa. Kilichonishinda ni maneno aliyosema jioni ile kwenye kibaraza cha chumba cha maiti, ndugu wamekusanyika, wifi yangu bado ana damu ya mumewe mpaka viwikoni. Mfawidhi alitoka, akawapa mikono wazee, akatikisa kichwa. "Jamani, mmechelewa," akasema. "Mngemleta mapema."

Mama yangu akamgeukia wifi. Akamtazama tu, na hajaacha kumtazama vile mpaka leo.

Nilisema. Nilimwambia mama, niliwaambia wajomba, niliwaambia habari ya plazma na ya kichupa. Wakaniambia uchungu wa ndugu unanitia wazimu, Mfawidhi ndiye aliyekuwa akimwita marehemu damu yangu, leo aje amsingizie mkewe? Nilimfuata na yeye mwenyewe ofisini. Akasema kuna mambo siyajui, akanisukumia kiti, akaniwekea vitumbua mbele yangu. Wiki iliyofuata nikahamishiwa kliniki ya watoto, eti nipumzike. Kwenye mazishi alibeba jeneza bega moja na wajomba zangu, na alilia. Sijui alikuwa analilia nini. Nimejiuliza sana, na ninaona haya kusema kwamba bado ningependa kujua. Wifi alirudi kwao Kinjumbi na wanawe, na harusi zetu haalikwi.

Miaka ikapita. Mfawidhi akastaafu, akaagwa kwa hotuba. Mwaka huu tukaitwa Lindi, wauguzi na madaktari wadogo wa wilaya zote, kwenye mafunzo ya kuokoa majeruhi wanaovuja. Nikasoma jina la mkufunzi, nikampigia simu wifi. Wifi si mtu wa maneno. Aliniambia nimsikilize tu, huenda uzee umemlainisha, na akisema ukweli mbele za watu nimrekodi kwenye simu, yeye atampelekea mama asikie.

Nilimkuta nje ya ukumbi ameketi, fimbo magotini, malapa yale yale miguuni. Nikampa shikamoo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, marahaba mwanangu, marahaba, hajambo mama? Akaniambia nimenenepa. Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji, nikamwomba. Nikamwambia mzee, sikutakii ubaya, sitaki kesi na mtu, leo ukifika kwenye habari ya plazma sema tu kwamba kaka alifika mapema. Sema kwa ajili ya yule mwanamke. Macho yake yakalowa. Akanipapasa kichwani.

"Inshallah," akasema. "Nitasema, mwanangu."

Nikakaa mstari wa mbele, simu magotini, inarekodi.

Alifundisha vizuri. Ee, alifundisha vizuri mno! Alikuja na nazi zake. Alikaa kwenye kiti, magoti yamechoka, akamkunisha kijana mmoja, akapanga glasi tatu, na watoto wale wakafungua midomo kama tulivyoifungua sisi. Akasema anayevuja hana foleni. Kisha akasema atatoa mfano wa kweli, uliomuuma kuliko yote katika kazi yake. Kulikuwa na mkulima mmoja wa korosho, mtoaji damu hodari, rafiki yake kabisa. Akagongwa na lori. Hapo akanitazama, na mimi nikamtazama, nikamwitikia kwa kichwa.

Akayahamisha macho, akayapeleka nyuma ya ukumbi. "Familia yake," akasema, "ilichelewa kumleta."

Nikasimama. Sikupiga kelele. Nilisema hakuchelewa. Nilisema alifika anaongea, damu yake iliganda kichupani, na plazma nne zilikuwa tayari kwenye jokofu, zimeyeyushwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa anavuja. Nilisema najua kwa sababu niliziyeyusha mimi, na nikazitupa mimi.

Mfawidhi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, kichwa kimeinama upande. Halafu akawageukia vijana.

"Sista huyu ni ndugu wa marehemu," akasema. "Hajasahau. Tumpe pole."

Na ukumbi mzima, watoto waliolelewa vizuri na mama zao, wakaniambia kwa sauti moja, pole sana dada. Simu ilikuwa bado inarekodi. Nami, kwa mazoea tu, mdomo ukafunguka wenyewe nikawajibu, nimeshapoa.